Tunda Linalouzwa kwa Ganda Lake

Usiku umeme ukikatika, watoto wa pwani wana mchezo wao. Mmoja anachukua kipande cha ganda la chungwa, anakikunja karibu na mwali wa kibatari, na mwali unaruka cheche, tsss, chumba kizima kinanukia. Bibi anafoka kwamba mtaunguza nyumba. Watoto hawajui kuwa wamekamua mafuta. Ndani ya ganda la kila tunda la ukoo wa mchungwa mna vifuko vidogo vidogo, vile vinavyoonekana kwa macho kama vitundu vya ngozi, na kila kifuko kimejaa mafuta mepesi yanayoshika moto upesi na kupaa hewani yakiachwa wazi. Chungwa, ndimu, limau, chenza, kangaja, danzi, balungi, yote yanayo. Lakini katika ukoo huo liko tunda moja ambalo watu wamelilima kwa zaidi ya miaka 250 kwa ajili ya vifuko hivyo. Nyama yake, kwa muda mrefu, ilikuwa chakula cha mifugo.

Jina lake begamoti. Kwa ukubwa ni kama chungwa la wastani, mara nyingine limevutika kidogo upande wa kikonyo kama peasi. Ganda lake ni la kijani na hugeuka manjano linapoiva. Ukililamba utakunja uso, maana ukali wake ni wa ndimu na uchungu wake ni wa danzi. Sehemu kubwa mno ya begamoti la dunia, asilimia 90 au zaidi kwa hesabu zinazotajwa kwa kawaida, hutoka mahali pamoja: ukanda mwembamba wa pwani ya bahari ya Ionia, kwenye ncha kabisa ya kiatu cha Italia, katika jimbo la Reggio Calabria. Urefu wake ni kama kilomita 100, na mashamba yote pamoja ni hekta 1,500 hivi. Ili upate kilo 1 ya mafuta unahitaji karibu kilo 200 za matunda.

Swali ninalotaka kulifuata hapa ni hili: kwa nini tunda hili halikuhama? Mchungwa ulianzia Asia ukaizunguka dunia. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku ukaja Unguja na Pemba. Kahawa ilivuka kutoka Ethiopia na Yemen ikafika Brazil. Kitu chenye bei hupata wa kukiiga. Begamoti lina bei, wa kulitamani ni wengi, na bado karne mbili na nusu zimepita makao yake ni yaleyale.

Jibu la haraka ni udongo na hewa. Watu wa Calabria wenyewe hulipenda jibu hili. Wanasema milima ya Aspromonte huzuia upepo wa baridi kutoka kaskazini, bahari hutuliza joto, na vijito vinavyoshuka milimani hukusanya udongo mzuri karibu na pwani. Ni kweli kwamba mti huu ni mdekaji. Jalidi huuumiza, upepo mkali huyakwaruza matunda yake na kuvipasua vifuko kabla ya kuvunwa. Lakini jibu hili halitoshi, na ushahidi uko barani kwetu: Côte d'Ivoire hulima begamoti na kukamua mafuta yake kwa ajili ya soko la nje. Uturuki, Brazil na Argentina pia wamo. Mti unakubali kwingine. Jambo la kuchunguza ni kwa nini, baada ya kukubali, hao wengine hawakuweza kuiondoa Calabria kwenye kiti.

Tuanze na mti wenyewe. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba begamoti ni mtoto wa limau na danzi. Limau nalo ni mtoto wa danzi na tunda lingine la kale lenye ganda nene, sitroni. Basi danzi, lile tunda chungu ambalo kwetu watu wengi hulipita bila kuligeukia, kwa begamoti ni mzazi na ni babu. Udugu hauishii hapo. Mbegamoti hauzalishwi kwa mbegu, bali hubebeshwa, na kwa desturi ya Calabria shina la kubebea lilikuwa mdanzi. Mkulima wa Muheza anayebebesha machungwa yake juu ya shina la mlimau angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Aina zinazojulikana huko ni tatu: Femminello, Castagnaro na Fantastico, na ya tatu ndiyo iliyotawala mashamba ya siku hizi.

Kwa simulizi za Reggio, shamba la kwanza la biashara lilipandwa mwaka 1750 na Nicola Parisi, mahali paitwapo Rada dei Giunchi. Lakini soko lilikwisha kuwapo. Mwaka 1709 ukoo wa Farina kutoka Italia ulifungua nyumba yake ya biashara katika mji wa Köln, Ujerumani, na maji mepesi ya Giovanni Maria Farina, yenye harufu ya maganda na maua, yakachukua jina la mji huo hadi leo: kolonya. Begamoti lilikuwa nguzo ya mchanganyiko ule. Fikiria manukato ya Ulaya kabla ya hapo, yaliyotegemea miski na vitu vingine vizito vya wanyama, na fikiria mtu anayesikia kwa mara ya kwanza harufu iliyo kama asubuhi baada ya mvua. Nyumba ya Farina ingali ikiuza maji yake mjini Köln.

Mafuta hayo yalikamuliwaje? Hapa ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu kazi hii ina uzuri wake. Mfanyakazi aliketi na bakuli la udongo lenye mdomo, liitwalo concolina. Juu ya bakuli alilaza kijiti, na juu ya kijiti akapanga sponji za baharini. Begamoti lilikatwa katikati, nyama ikachotwa yote kwa kijiko chenye makali, likabaki ganda kama kikombe. Kikombe kile kilibanwa juu ya sponji kwa kiganja, kikazungushwa kidogo, kikabanwa tena. Vifuko vilipasuka, mafuta yakanywewa na sponji, na sponji ilipolowa ikakamuliwa ndani ya bakuli. Mafuta yalielea juu ya majimaji yakamiminwa kwa uangalifu. Waliiita sfumatura. Hakukuwa na moto popote katika kazi hii, na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa mafuta ya begamoti yakipikwa kwa mvuke kama tunavyofanya kwa karafuu au mchaichai, sehemu ya utamu wake huharibika.

Mwaka 1844 Nicola Barillà wa Reggio alitengeneza mashine iliyofanya kazi ya mikono hiyo: matunda mazima huzungushwa ndani yake na kukwaruzwa mpaka vifuko vyote vinapasuka. Kwa mashine hiyo mafuta yalianza kupatikana kwa wingi na kwa harufu isiyobadilika kutoka pipa hadi pipa. Mnunuzi wa manukato hataki kingine zaidi ya hicho. Mwaka mmoja mafuta yakinuka hivi na mwaka mwingine vile, fomula yake yote imeharibika. Hapa ndipo nianzapo kuiona siri ya Calabria. Ukanda ule ulikuwa na mti, na karibu na mti ukawa na mafundi, na karibu na mafundi ukawa na mashine iliyobuniwa kwa ajili ya tunda lilelile.

Ndani ya tone la begamoti mna vitu vingi, ila vitatu ndivyo vyenye sauti kubwa. Kimoja ni limonini, harufu ile ya chungwa tunayoijua. Vingine viwili ni linaluli na linalili asetati, ambavyo pia ndivyo hulipa ua la lavenda harufu yake. Ndiyo maana begamoti halinuki kama limau wala chungwa. Linanuka kama ndimu iliyolala usiku mmoja katika sanduku la nguo lenye maua makavu. Mtengenezaji wa manukato hulipenda kwa kuwa linafungua mlango bila kupiga kelele, kisha linawaunganisha wengine. Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, huanza na begamoti tele kabla ya kushuka kwenye vanila. Chanel No. 5 ya mwaka 1921 nayo imechanganya maganda ya namna hii na mafuta ya mlangilangi, ua lile ambalo wanawake wa pwani yetu hulitia kwenye vikuba na ambalo Wangazija na jirani zao wa Komoro hulikamua kwa ajili ya Paris.

Kwenye chai habari ni fupi zaidi kuliko hekaya yake. Earl Grey, chai iliyotiwa harufu ya begamoti, imepewa jina la Charles Grey, waziri mkuu wa Uingereza kati ya 1830 na 1834, na vifurushi vingi husimulia kwamba Mchina mmoja alimzawadia mchanganyiko huo kwa shukrani. Grey hakuwahi kufika Uchina. Linaloelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba wauza chai walitia begamoti ili majani ya bei nafuu yanukie kama ya bei ghali. Siku hizi majani ya Kenya, nchi inayoongoza kwa kuuza nje chai nyeusi, hutiwa harufu hii na kuuzwa hata Nairobi, na si kila pakiti yenye jina hilo ina mafuta ya tunda. Soma ubavuni: neno “ladha” peke yake mara nyingi ni la maabara.

Udanganyifu huo ndio uliokaribia kulizika tunda hili. Tangu zamani mafuta ya begamoti yalichakachuliwa, kwanza kwa tapentaini na mafuta ya limau. Kemia ilipokua, pigo likawa zito zaidi, kwa sababu linaluli na linalili asetati zinaweza kutengenezwa kiwandani kwa bei ndogo. Mtu alichukua lita chache za mafuta halisi, akaongeza za kiwandani, na pua ya kawaida haikujua. Bei ya mkulima ikaanguka. Kwa nini mnunuzi amlipe anayechuma kilo 200 kwa mkono kati ya Novemba na Machi, ilhali pipa linaweza kuongezwa maji ya kemia usiku mmoja? Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wakulima wengi waling'oa mibegamoti.

Pigo la pili lilitoka kwenye jua. Aliyewahi kukamua ndimu nyingi ufukweni mchana, kwa ajili ya samaki wa kuchoma, anaweza kuwa ameona siku chache baadaye madoa ya kahawia au malengelenge kwenye vidole. Ndimu haikumuunguza peke yake, iliungana na jua. Ganda la ndimu na la begamoti lina kitu kiitwacho begapteni, jina ambalo lenyewe limetokana na begamoti. Kikikaa kwenye ngozi na kupigwa na miale ya urujuanimno, huichoma. Madaktari wa Ulaya walianza kuyaeleza madoa haya mwanzoni mwa karne ya 20, wakiyakuta shingoni mwa watu waliojipaka kolonya kisha wakatoka juani. Alama ilishuka na njia ya tone la manukato kama kidani. Baadaye kanuni zikaja. Shirika la kimataifa la sekta ya manukato liliweka kikomo cha asilimia 0.4 ya mafuta haya kwenye kipodozi kinachobaki juu ya ngozi inayopigwa na jua. Viwanda vikajibu kwa kutengeneza mafuta yaliyoondolewa begapteni, na hayo ndiyo hutumika sana leo. Wanaoijua harufu husema yamepoteza kidogo ukijani wake.

Sasa tunda limeshikwa pande mbili, bandia upande mmoja na hofu upande wa pili. Mazao mengi yamekufa kwa kimoja tu kati ya hivyo. Hapa ndipo naliona jibu la swali langu, na haliko kwenye udongo.

Tangu mwaka 1918 Reggio ilikuwa na kituo cha utafiti cha serikali kwa ajili ya mafuta ya matunda haya. Yaani miaka kumi tu baada ya tetemeko la Desemba 28, 1908 lililoibomoa Reggio na Messina, mji uliokuwa bado unajijenga uliona ni lazima uwe na maabara ya maganda. Kwa miongo mingi, kituo hicho na wakemia wa vyuo vya karibu, Messina hasa, walipima mafuta ya ukanda ule mwezi kwa mwezi: ya Novemba yaliyo ya kijani kibichi, ya Januari, ya Machi yanayoelekea manjano. Waliandika kila kipimo. Kwa hiyo mapambano na bandia yalipopamba moto, walikuwa na daftari la kujua mafuta halisi yakoje.

Silaha yenyewe ni ya kupendeza. Tazama viganja vyako viwili: vidole vilevile, umbo lilelile, lakini kiganja cha kushoto huwezi kukilaza juu ya cha kulia vikaoana. Baadhi ya molekuli ziko hivyo, za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto. Mti wa begamoti hutengeneza linalili asetati ya mkono mmoja tu, zaidi ya asilimia 99. Kiwanda cha kawaida hutengeneza mikono yote miwili, nusu kwa nusu. Kromatografia inayotenganisha mikono hiyo ilipopatikana, pipa lililochakachuliwa lilijisema lenyewe. Wadanganyifu wakageukia mimea mingine yenye linaluli ya mkono uleule. Maabara zikaongeza kipimo cha isotopu. Mbio hizo zingali zinaendelea. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliyapa mafuta haya hati ya asili, hivi kwamba jina la begamoti la Reggio Calabria haliwezi kutiwa kwenye chupa ya mafuta yaliyotoka kwingine. Kwa maoni yangu hati ilifuata nyuma ya kipimo. Jina bila maabara ya kulitetea ni karatasi.

Linganisha na yaliyotufika sisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Unguja na Pemba zilitoa karafuu nyingi kuliko pengine pote duniani, na mnunuzi mkubwa akaja kuwa Indonesia, iliyozihitaji kwa sigara zake za kretek. Kisha Indonesia, ambako mkarafuu ulizaliwa, ikapanda ya kwake ikatosheka, na sisi tukabaki na magunia. Karafuu yetu ilikuwa bora, kila mtu aliyeinusa anajua. Lakini wakati ule hatukuwa na daftari la vipimo lililomlazimu mnunuzi kukiri kwamba ya Pemba ni ya Pemba. Leo kiwanda cha Wawi, Pemba, kinakamua mafuta ya makonyo na majani, na hiyo ni hatua ya kweli. Ningependa kuona kila pipa linalotoka pale likiwa na historia ya vipimo ya miaka 50 nyuma yake, na nasikitika kwamba miaka 50 haiwezi kununuliwa.

Calabria yenyewe haijamaliza matatizo. Hati ya 2001 inalinda mafuta na wala si tunda, na tunda sasa lina soko lake. Juisi iliyokuwa ikitupwa imekuwa dawa madukani, baada ya watafiti kuonyesha kwamba ina viambata vinavyoweza kushusha lehemu kwenye damu. Tafiti hizo zinatia moyo, ila nyingi ni ndogo na za muda mfupi, na vidonge vinavyouzwa mtandaoni vimekimbilia mbele kuliko ushahidi. Tena begamoti, kama balungi, lina begamotini, kitu kinachozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi. Anayemeza dawa za lehemu au za presha amuulize daktari kwanza. Hata chai ina mpaka wake: mwaka 2002 jarida la Lancet lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 44 aliyekuwa akinywa hadi lita 4 za Earl Grey kwa siku. Misuli ilikakamaa na macho yakaingia ukungu. Aliporudi kwenye chai ya kawaida, akapona.

Tishio lingine lina miguu sita, na limetoka huku kwetu. Trioza erytreae, mdudu mdogo wa nyanda za juu za Afrika anayeeneza ugonjwa wa kijani wa michungwa, ameshafika Hispania na Ureno. Ugonjwa wenyewe haujashika mashamba ya Ulaya, lakini mbebaji wake tayari yuko ng'ambo ya pili ya bahari. Virusi vya tristeza navyo huua miti iliyobebeshwa juu ya mdanzi, ndiyo sababu mojawapo ya wakulima wetu kuliacha shina hilo. Wa Calabria, waliolitegemea kwa vizazi, wanalazimika kujifunza mashina mengine, na shina jipya huweza kubadili tunda na mafuta yake.

Nilipokuwa nikiyafuata haya nilikwenda kusimama chini ya mdanzi, nyuma ya nyumba ya mjomba. Matunda yalikuwa yameanguka, machache yamekanyagwa. Ua la mti huu hukamuliwa neroli, ambayo Watunisia wa Nabeul huiuza kwa wauza manukato kwa bei ya juu. Majani yake hutoa mafuta mengine, na ganda lake mengine tena. Nilimuuliza mjomba huwa wanayafanyia nini haya madanzi. Akasema, “Hayo? Ya kusugulia masufuria, mwanangu.” Nikaokota moja, nikalikunja ganda lake karibu na uso. Mafuta yaliniingia jichoni yakaniwasha, na mikono yangu ilinukia mpaka jioni.